Shinikizo katika tangi la petroli

Shinikizo katika tangi la petroli ni msukumo wa hewa na mvuke wa petroli dhidi ya kuta, kifuniko na mabomba ya tangi la chombo cha moto kama vile pikipiki, bajaji au pikipiki ya magurudumu manne. Shinikizo hilo, ambalo vitabu vya shule huliita pia kanieneo, hupanda petroli inapopata joto na hushuka inapopoa au inapotumiwa na injini. Tangi lililo katika hali nzuri hupumua: huingiza na kutoa hewa kupitia tundu dogo, mara nyingi ndani ya kifuniko chake. Tundu hilo likiziba, injini huweza kuzimika njiani, mafuta kufurika kutoka kwenye kabureta, au petroli kumrukia anayefungua kifuniko.

Makala hii inahusu hasa pikipiki za kazi katika uwanda wa juu wa Tanzania magharibi, kwa mfano eneo la Usoke, kata ya Wilaya ya Urambo katika Mkoa wa Tabora.

Petroli na joto

Petroli si kitu kimoja bali ni mchanganyiko wa mamia ya hidrokaboni. Zile nyepesi, kama butani na pentani, hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya asubuhi. Zile nzito huhitaji karibu 200 °C. Kwa sababu hiyo petroli haina kiwango kimoja cha kuchemka kama maji. Wataalamu huieleza kwa shinikizo la mvuke wake, na kwa kawaida kipimo hufanyika kwenye 37.8 °C, yaani nyuzi 100 za Fahrenheit.

Tuchukue petroli ambayo mvuke wake una shinikizo la kilopaskali 60 kwenye kipimo hicho. Kwa makadirio, petroli hiyo ikiwa na 20 °C mvuke wake husukuma kwa kilopaskali 33 hivi. Ikifika 50 °C husukuma kwa kilopaskali 88 hivi. Nyuzi 30 zinatosha kuongeza msukumo zaidi ya mara mbili. Ndiyo tofauti kati ya pikipiki iliyolala ndani ya nyumba usiku wa Julai na pikipiki hiyohiyo iliyosimama juani mchana wa Oktoba, injini yake ikiwa bado ya moto.

Mwinuko wa mahali nao una sehemu yake. Kwenye usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Bagamoyo, angahewa hukandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko angahewa hukandamiza kwa kilopaskali 88 tu. Kimiminika huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na shinikizo la hewa inayokizunguka. Maji huchemka Tabora kwenye 96 °C hivi badala ya 100 °C. Petroli ya mfano wetu huanza kutoa mapovu Tabora kwenye 50 °C, lakini Dar es Salaam ingehitaji nyuzi 4 hivi zaidi. Nyuzi 4 si nyingi, ila kwa pikipiki iliyokwisha kufika ukingoni ndizo zinazoamua.

Pamoja na kugeuka mvuke, petroli hutanuka. Lita 10 zilizotiwa zikiwa na 20 °C huongezeka kwa karibu mililita 300 zikifika 50 °C, ambayo ni zaidi ya glasi moja ya maji. Tangi lililojazwa hadi mdomoni asubuhi halina mahali pa kuiweka glasi hiyo.

Usoke na barabara yake

Usoke iko kati ya mji wa Tabora na mji wa Urambo, kwenye Reli ya Kati. Nchi hii ni sehemu ya Unyamwezi, na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita upande huu. Wapagazi wa zamani walijua la kufanya na joto la hapa: walianza safari alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Urambo ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea kwa mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, mradi uliotegemea matrekta na mafuta yaliyosafirishwa kutoka mbali. Mradi ulishindwa, tumbaku ikachukua nafasi ya karanga.

Leo mizigo midogo ya eneo hili hubebwa na pikipiki. Tanzania iliruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo kwa kanuni za mwaka 2010, na tangu hapo bodaboda imekuwa usafiri wa kwanza kati ya vijiji na barabara kuu. Pikipiki hizi ni za kawaida: injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, inayopozwa kwa upepo, yenye kabureta, na tangi la bati la lita 10 au zaidi kidogo lililo juu ya injini moja kwa moja. Zilibuniwa kwa mwendo wa barabarani, ambapo upepo huosha injini na tangi. Kwenye njia ya mchanga katikati ya miombo, pikipiki yenye abiria wawili au magunia mawili hukokota kwa gia ya kwanza na ya pili. Injini hutoa joto jingi, upepo ni mdogo, na joto hilo hupanda kwenda kwenye tangi. Bodaboda haimalizi safari saa nne asubuhi kama msafara.

Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, ndiyo yenye joto kali zaidi Tabora; mchana hupita 30 °C kwenye kivuli. Juani ni jambo jingine. Bati lenye rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea huweza kupita 60 °C, na petroli iliyo chini yake huifuata polepole.

Tangi linavyopumua

Katika kifuniko cha kawaida cha pikipiki mna njia ndogo ya hewa, nyembamba kiasi cha pini, inayopinda ndani ya kifuniko ili petroli isimwagike pikipiki inapotikisika. Baadhi ya vifuniko vina vali mbili ndogo za mpira au chuma: moja huruhusu hewa kuingia mara tu petroli inapopungua, nyingine huachia mvuke kutoka pale tu shinikizo linapokuwa kubwa. Pikipiki nyingine hupumua kupitia mpira mwembamba unaoshuka kutoka kwenye tangi hadi chini ya injini.

Kuna mengi ya kuiziba njia hiyo. Vumbi jepesi la kiangazi huchanganyika na petroli inayorukaruka na kuwa tope gumu. Kutu ya kifuniko hufanya vivyo hivyo wakati wa masika. Kava la ngozi bandia, ambalo wenye bodaboda hulipenda kwa kupamba na kulinda rangi, huweza kufunika kifuniko chote. Wapo pia wanaoweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili maji ya mvua yasiingie. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kuzibia tangi bado hupatikana. Nailoni hiyo huzuia maji kweli, na huzuia hewa vilevile.

Wadudu nao wamo. Mwaka 2014 kampuni ya Mazda iliita magari 42,000 hivi nchini Marekani kwa sababu buibui wa aina fulani, ambaye inasemekana huvutwa na harufu ya petroli, alikuwa akisuka utando ndani ya bomba la kupumulia la tangi. Tangi lililozibwa liliweza kupasuka ufa. Kampuni hiyo ilikuwa imeita magari mengine kwa sababu hiyohiyo mwaka 2011. Kama gari jipya la kiwandani liliweza kuzibwa na buibui, pikipiki inayolala chini ya mwembe haina kinga.

Tangi linapovuta ndani

Tatizo la kwanza ni la upungufu. Katika pikipiki yenye kabureta, petroli hushuka kutoka tangini kwa uzito wake tu. Uso wa petroli ukiwa sentimita 30 juu ya kabureta, msukumo wake ni kilopaskali 2 hivi, nao ni mdogo sana. Petroli inapotoka bila hewa kuingia mahali pake, shinikizo ndani ya tangi hushuka chini ya lile la nje, na upungufu wa kilopaskali 2 unatosha kusimamisha mtiririko wote.

Inachukua muda gani? Katika tangi la lita 10 lililojaa nusu na kuzibwa kabisa, petroli ya kiasi cha mililita 180 ikitumika, upungufu huo umefika. Kwa pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita, hiyo ni kilomita 8. Katika tangi lililojaa, lenye nafasi ya lita moja tu juu ya petroli, inatosha mililita 36, yaani chini ya kilomita mbili. Hizi ni hesabu za kukadiria, na mvuke mpya unaotoka kwenye petroli huzisogeza mbele kidogo, lakini zinaeleza jambo linalowashangaza madereva wengi: pikipiki yenye tundu lililoziba huzimika mapema zaidi ikiwa imejazwa mafuta kuliko ikiwa na nusu tangi. Dereva hulaumu kituo cha mafuta kwamba kimemuuzia petroli chafu.

Dalili zake ni kama za mafuta kuisha. Injini hupoteza nguvu, hukohoa, kisha huzimika. Dereva akisimama dakika kadhaa, hewa hupenya taratibu, na pikipiki huwaka tena kwa kilomita chache. Akifungua kifuniko husikia mlio wa hewa ikivutwa ndani. Mlio huo ndio uthibitisho. Fundi asiyeusikia hufungua kabureta, huisafisha, huirudisha, na kwa kuwa kifuniko kilifunguliwa wakati wa kazi hiyo, pikipiki huondoka vizuri. Kesho yake inarudi. Fedha nyingi za kusafisha kabureta zimelipwa kwa kosa la tundu la pini.

Jua huweza kulificha tatizo hili. Pikipiki iliyosimama juani ina mvuke mwingi tangini unaosukuma petroli chini, hivyo huanza safari bila shida. Huzimika baadaye, mvuke ule ukiisha nguvu, au jioni tangi linapopoa.

Tangi linaposukuma nje

Tatizo la pili ni kinyume chake, na ndilo la hatari. Tangi lililofungwa kabisa likiwa na 20 °C, likapashwa hadi 50 °C, kwa makadirio yaleyale hufikia kilopaskali 60 juu ya shinikizo la nje. Kwenye kifuniko chenye upana wa sentimita 5, huo ni msukumo sawa na uzito wa kilogramu 12. Mara nyingi mpira wa kifuniko huvuja kabla ya kufika hapo, lakini si lazima tufike huko ili madhara yaanze.

Kabureta imeundwa kwa ule msukumo mdogo wa kilopaskali 2. Ndani yake mna boya linaloelea juu ya petroli. Kibakuli kikijaa, boya huinua sindano inayofunga njia. Mvuke ukisukuma petroli kwa nguvu mara 10 au mara 20 ya kawaida, sindano haiwezi kushikilia. Petroli hupita, kibakuli hufurika, na mafuta hutiririka kupitia mpira wa kumwagia hadi juu ya injini au karibu na ekzosi. Injini inayowaka hupata petroli nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, plagi yenye masizi, harufu kali, na ulaji wa mafuta unaopanda bila sababu.

Pikipiki ikiwa imezimwa na koki kuachwa wazi, petroli inayofurika huweza pia kupita njia ya hewa na kuingia kwenye silinda, kisha kushuka hadi kwenye oili. Oili yenye harufu ya petroli na iliyopanda juu ya alama yake imepoteza utelezi, na injini ikiendeshwa hivyo husagika. Kufunga koki kila pikipiki inaposimama kwa muda mrefu huzuia yote haya, na hakugharimu kitu.

Kuchemka ndani ya mpira wa mafuta

Wakati mwingine tangi linapumua vizuri lakini petroli huchemka njiani, ndani ya mpira unaotoka kwenye koki hadi kwenye kabureta, au ndani ya kibakuli chenyewe. Mapovu ya mvuke hukaa mahali pa petroli na injini hukosa chakula. Hutokea zaidi dakika chache baada ya kuzima pikipiki iliyotoka kazini, kwa sababu upepo umekoma lakini chuma cha injini bado kina joto na hulisambaza juu. Dereva aliyesimama kunywa chai hurudi na kukuta pikipiki haiwaki.

Tofauti yake na tundu lililoziba ni kwamba kufungua kifuniko hakusaidii. Kinachosaidia ni kusubiri kivulini, au kufunika mpira na kibakuli cha kabureta kwa kitambaa kilicholowa maji. Kinga ni kuupitisha mpira mbali na silinda na kutouacha mrefu kupita kiasi hadi ukalala juu ya injini. Mpira uliobadilishwa kwa mpira wowote uliopatikana dukani, mrefu kuliko ule wa kiwandani, ni chanzo kinachosahauliwa mara kwa mara.

Kufungua kifuniko

Petroli iliyo chini ya shinikizo huweza kuwa na joto lililopita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka, kwa kuwa shinikizo linaizuia. Kifuniko kikifunguliwa ghafla kizuizi huondoka, petroli huchemka kwa mkupuo mmoja na kuruka kama soda iliyotikiswa. Wazimamoto wa misitu nchini Marekani wameungua kwa namna hii kutokana na matangi ya misumeno ya mnyororo, na maelekezo yao husema kila tangi lichukuliwe kuwa lina shinikizo mpaka ithibitike vinginevyo, hasa likiwa limejaa zaidi ya nusu. Wapasuaji mbao wa Tabora hutumia misumeno ya aina hiyohiyo, katika joto kama hilo au zaidi.

Utaratibu salama ni rahisi. Injini izimwe na iachwe ipoe. Chombo kiwe mbali na jiko la mama lishe, sigara na mashine ya kuchomelea. Kitambaa kiwekwe juu ya kifuniko, uso ugeuzwe pembeni, na kifuniko kizungushwe kidogo tu hadi mlio wa mvuke usikike. Kisha mkono usimame hadi mlio uishe. Mlio mkali unaotoka nje kila mara una maana kwamba tundu limeziba, na kifuniko kinahitaji kusafishwa siku hiyohiyo.

Abiria wanapaswa kushuka kabla ya kujaza mafuta. Kwenye bodaboda, abiria wa mbele amekaa sentimita chache kutoka mdomo wa tangi, na mara nyingi ana mtoto mgongoni au mapajani.

Moto

Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tangi lenye petroli mvuke ni mwingi mno, zaidi ya theluthi moja ya hewa yote kwenye mfano wa hapo juu, hivyo kwa kawaida hauwezi kuwaka humo. Mlipuko wa tangi kama unavyoonekana katika filamu ni nadra. Hatari iko nje, mdomoni na chini ya kabureta, ambapo mvuke hukutana na hewa na kufikia kiwango kinachofaa kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hauendi juu kama moshi bali hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo na mifereji, na huweza kufika kwenye jiko lililo mita kadhaa mbali bila kuonekana. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata ikiwa chini ya nyuzi 40 za baridi.

Watanzania wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu waliokusanyika kuchota petroli wakakumbwa na moto. Zaidi ya 100 walifariki, na waendesha bodaboda walikuwa miongoni mwao.

Tangi tupu linastahili hofu kubwa kuliko tangi lililojaa. Petroli iliyobaki chini, ikichanganyika na hewa nyingi, huweza kushuka hadi kwenye kiwango cha kuwaka humohumo ndani. Hivyo kuchomelea tangi lililotoboka kwa kutu ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi za gereji. Mafundi waangalifu hulitoa tangi kwenye pikipiki, hulisafisha kwa maji ya sabuni zaidi ya mara moja, kisha hulijaza maji na kubakiza nafasi ndogo tu mahali pa kuchomelea. Kulikausha juani kwa siku moja hakutoshi, maana petroli hujificha chini ya kutu.

Matengenezo

Kifuniko husafishwa kwa kukifungua, kukiosha kwa petroli kidogo na kukipuliza kwa pampu ya baiskeli au mashine ya upepo. Jaribio lake ni la kawaida: kifuniko kikavu na kisafi hupulizwa kwa mdomo kupitia mpira mwembamba ulioshikizwa kwenye tundu, na hewa inapaswa kupita. Kwenye vifuniko vyenye vali mbili, hewa hupita kwa urahisi upande wa kuingia na kwa ugumu upande wa kutoka. Ugumu huo si kasoro.

Kutoboa tundu kubwa kwa msumari ni dawa inayotumika sana na ni mbaya. Maji ya mvua na vumbi huingia, sehemu nyepesi za petroli hupotea kutwa nzima, na pikipiki ikianguka petroli humwagika juu ya injini. Kifuniko kipya ni bei ndogo kuliko madhara hayo.

Tangi lisijazwe hadi mdomoni. Pikipiki nyingi zina kola ya bati chini ya mdomo wa tangi inayoonyesha mwisho wa kujaza. Nafasi iliyo juu yake imeachwa kwa makusudi. Kuegesha kivulini huleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua, na kava la tangi likatwe sehemu ya kifuniko.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hutoa mvuke kidogo zaidi, na mtu angeweza kudhani inafaa kwa nchi ya joto. Haifai: huwaka vibaya, huchafua plagi na kuharibu injini. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kugundua uchakachuaji huo.

Pikipiki za magurudumu manne

Matatizo haya yote hujitokeza kwa ukali zaidi katika pikipiki za magurudumu manne, ambazo nchini Tanzania huonekana zaidi katika utalii na mashamba makubwa. Aina ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ilikuwa ya magurudumu matatu, iliyotolewa na Honda mwaka 1970. Za magurudumu manne zilienea miaka ya 1980. Tangi lao ni la plastiki, nalo huwekwa chini ya kiti au kati ya magoti ya dereva, likiwa limefunikwa na mabamba ya plastiki yanayozuia upepo. Injini, bomba la ekzosi na rejeta viko karibu, na chombo chenyewe hufanya kazi kwa mwendo mdogo kwenye matope na milima. Feni ya rejeta hupuliza hewa ya moto kuelekea nyuma, yaani kuelekea kwenye tangi.

Kwa kuwa vyombo hivi huvuka maji na hupinduka mara kwa mara, matangi yake mengi hupumua kupitia mpira unaopanda hadi karibu na usukani, wenye vali inayofunga chombo kikilala ubavu. Mpira huo ukibanwa chini ya bamba wakati wa matengenezo, tangi la plastiki huvimba kwenye joto na hujikunja ndani kwenye baridi. Plastiki pia hupitisha mvuke kidogo kupitia kuta zake. Marekani iliweka kikomo cha upotevu huo kuanzia modeli za mwaka 2008, na viwanda vikaanza kutumia plastiki yenye tabaka za kuzuia.

Joto lililokusanyika chini ya mabamba limeleta maafa katika vyombo vya jamii hiyo. Mwaka 2016 kampuni ya Polaris ya Marekani iliita magari 133,000 hivi ya aina ya RZR, ambayo ni makubwa kidogo kuliko pikipiki za magurudumu manne, baada ya taarifa za moto zaidi ya 160 na kifo cha kijana mmoja. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa kuchelewa kutoa taarifa kwa serikali.

Chupa na madumu

Mbali na barabara kuu, petroli huuzwa kwa chupa za plastiki zilizopangwa mezani kando ya njia. EWURA inakataza biashara hiyo, lakini dereva aliye mbali na kituo hana chaguo jingine. Chupa iliyoachwa juani huvimba kwa mvuke kama tangi lililozibwa, bila hata tundu la pini. Kila ifunguliwapo, sehemu nyepesi za petroli hutoka kwanza, na hizo ndizo zinazosaidia injini kuwaka asubuhi yenye baridi. Petroli iliyokaa siku nyingi kwenye chupa huwasha pikipiki kwa taabu hata kama haijachakachuliwa.

Kumimina kutoka kwenye dumu la plastiki huzalisha umeme tuli, hasa hewa ikiwa kavu kama ilivyo Tabora kuanzia Juni hadi Oktoba. Dumu linapojazwa huwekwa chini ardhini, si juu ya kiti cha pikipiki, na hujazwa taratibu. Halijazwi hadi juu, kwa sababu ileile ya glasi moja kwa kila lita 10. Likifungwa nyuma ya pikipiki kwa safari ya kijijini, hulazwa upande usio wa ekzosi na kufunikwa kwa gunia lililolowa maji.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeanza kutoa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, ambako petroli hukaa katika tangi la chini ya ardhi lenye bomba lake la kupumulia, na joto lake halibadiliki sana kati ya usiku na mchana.